Tenga la Ilula lililooza: kununua shambani, kununua sokoni

"Mtaalamu, shikamoo. Naishi Mbeya mjini, Forest, na mume wangu na watoto wawili. Tangu mwaka jana nimeamua kufuata vyakula mashambani na kwenye magulio, ili tule vitu vibichi na nipunguze matumizi. Mwanzoni mwa Julai, tukirudi kutoka mkoani Iringa, nilinunua tenga zima la nyanya Ilula kwa bei nzuri sana, zote nyekundu, zimeiva vizuri. Siku ya tatu zikaanza kutoa maji, siku ya tano nikamwaga karibu nusu. Jirani anasema ni dawa walizopiga, na kwamba niwe naloweka mboga kwenye maji ya chumvi ili sumu itoke. Viazi nilivyochukua Isyonje navyo, nikikaanga chipsi zinakuwa nyeusi, na vingine vimeanza kuwa kijani. Mume wangu anasema bora nirudi Sokomatola ninunue fungu fungu kama zamani. Nani yuko sahihi? Na nikienda tena shambani nifanyeje?"

Marahaba, dada. Pole sana kwa tenga lako. Kubeba mzigo kutoka Ilula mpaka Forest halafu ukaumwaga nusu kunauma, na naona kumekufanya uutilie shaka mpango wako wote. Usiuache. Ila kuna jambo ambalo watu wa mjini wengi tunaliamini bila kulihoji, nalo ndilo lililokugharimu: kwamba kitu kikitoka shambani basi ni kibichi, na ni salama. Ubichi wa mboga hauhesabiwi kwa kilomita. Unahesabiwa kwa saa zilizopita tangu ikatwe, na kwa joto iliyokaa nalo katika saa hizo. Nyanya iliyochumwa alfajiri Uyole na kufika Sokomatola saa mbili asubuhi ni mbichi kuliko zile ulizonunua wewe hatua mia moja kutoka shamba lililozizaa.

Nianze na tenga lenyewe, maana humo ndimo mlimo na majibu mengi.

Nyanya ikichumwa haijafa. Inaendelea kupumua: inavuta hewa, inatumia sukari yake, inatoa joto na mvuke. Mzizi wa kuiletea maji na chakula haupo tena, kwa hiyo inaishi kwa akiba yake. Akiba ikiisha inalegea, inatoa maji, vimelea vya ukungu vinapata njia. Kasi ya kula akiba hiyo hutegemea joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upumuaji wa mazao mengi huongezeka mara mbili, pengine mara tatu. Ilula jua la mchana ni kali hata mwezi Julai, wakati sisi huku Mbeya tumejifunga makoti. Nyanya iliyochumwa saa saba mchana, ikakaa kando ya lami mpaka saa kumi ikisubiri gari, imeshatumia sehemu kubwa ya maisha yake kabla hujaiona.

Kisha unaniambia zote zilikuwa nyekundu, zimeiva vizuri. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hili hata mimi nimelifanya nikiwa tayari nina cheti cha kilimo mkononi. Nyanya inayosafirishwa kwenda Dar es Salaam huchumwa ikiwa ndiyo kwanza inapiga rangi, imeanza uwekundu kidogo kitakoni. Itamalizia kuiva njiani. Hutoa yenyewe hewa iitwayo ethilini, inayoamrisha kuiva, na ukizijaza nyingi mahali pamoja moja huziivisha nyingine. Nyanya iliyoiva yote shambani haiwezi tena safari ya mbali, kwa hiyo mkulima huiuza kwa mpita njia, kwa bei ya chini. Hakukudanganya. Ile bei nzuri ilikuwa inakuambia kwamba nyanya hizi ni za leo na kesho. Zingekuwa za kupika rosti ya harusi keshoyake, ungekuwa umepata mali.

Halafu kuna tenga. Lina mbao zisizopigwa randa, linabeba kama kilo 40, na nyanya za chini kabisa zinazibeba zote za juu. Kutoka Ilula hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 350 za barabara kuu, na matuta yake unayajua. Kila tuta, chache za chini hupasuka, maji yake yanazilowesha nyingine, na joto la katikati ya tenga halina pa kutokea. Ulipofika nyumbani, bila shaka uliliacha tenga kama lilivyo jikoni. Kama ungelimwaga usiku uleule juu ya mkeka, ukatoa zilizopasuka, ukazitandaza zilizobaki safu moja kitako kikiwa juu, ungeokoa nyingi. Friji nayo si dawa yake. Nyanya ambayo haijakamilika kuiva, ikikaa chini ya nyuzi kama 12 kwa siku kadhaa, inaumia: inakosa ladha, inalainika bila kuiva. Chumba chenye hewa na kivuli kinaitosha, na kwa baridi ya Mbeya ya kipupwe, chumba chochote kisichopata jua ni stoo.

Kwa hiyo jirani yako hakupatia. Dawa hazikuziozesha. Dawa za ukungu zilizobaki juu ya ganda, kama zilikuwepo, zingechelewesha kuoza badala ya kuharakisha. Lakini hofu yake juu ya dawa si ya kupuuzwa, na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakijilinda dhidi ya kitu kisichowadhuru huku wakiliacha wazi lango lenyewe.

Nyanya za nyanda zetu zina maadui wawili wakubwa, na kila mmoja ana majira yake. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili au Mei, ni bakajani chelewa. Hali ya hewa ikiwa ya ukungu na unyevu, ugonjwa huu unaweza kulifuta shamba katika muda wa wiki moja au mbili, kwa hiyo mkulima hupiga dawa ya ukungu kila wiki, mvua zikizidi hata mara mbili kwa wiki. Kiangazi, kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na mashamba ya kumwagilia, adui ni kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuwatia wakulima hasara mpaka wakampa jina hilo. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa ya juu juu haimfikii, kwa hiyo mkulima hutafuta dawa zinazoingia ndani ya mmea, na akiona hazifanyi kazi huongeza, au huchanganya mbili.

Sasa angalia tofauti. Ile dawa ya ukungu inayokaa juu huacha vumbi jeupe au la rangi ya buluu iliyofifia kwenye ganda. Akina mama wengi wakiliona wanaziacha nyanya hizo na kuchagua zinazong'aa. Lakini vumbi lile liko nje, unaliona, na linatoka kwa maji na mkono. Dawa iliyoingia ndani ya mmea haionekani, haina harufu, na hakuna maji ya chumvi, siki wala magadi yatakayoifuata ndani ya nyama ya tunda. Maji ya bomba yanayotiririka, ukiisugua kila nyanya kwa vidole nusu dakika, yanaondoa sehemu kubwa ya kilicho juu. Chumvi haikuongezei kitu cha maana. Kabichi toa majani mawili matatu ya nje. Karoti na viazi menya. Zaidi ya hapo jikoni huna uwezo, na nisingependa ulale ukidhani ndoo ya chumvi imemaliza kazi.

Kinachoitoa dawa ya ndani ni siku. Mmea wenyewe, jua na muda huivunja kidogo kidogo mpaka ifikie kiwango kisichodhuru. Ndiyo maana kila chupa ya kiuatilifu kilichosajiliwa ina kibandiko kinachosema ni siku ngapi zipite kati ya kupiga na kuvuna. Nyingine ni siku 1 au 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Usichanganye maelezo hayo na ule mstari wa rangi chini ya kibandiko, nyekundu, njano, buluu au kijani. Rangi inaeleza ukali wa dawa kwa anayeishika na kuinywa kwa bahati mbaya. Dawa ya mstari wa kijani inaweza kudai siku nyingi za kusubiri kuliko ya njano.

Hapo ndipo faida kubwa ya kwenda shambani ilipo, na wewe ulikuwa nayo mkononi ukaiacha. Muuzaji wa Sokomatola hajui nyanya zilipigwa dawa lini, hata ukimbana. Mkulima anajua. Muulize kabla hamjaanza kuongea bei, maana mkishashikana kwenye bei kila jibu litakuwa la kuuza. Usimuulize, "Umepiga dawa?" Atakwambia hapana, akijua ndilo unalotaka kusikia, na nyanya ya mvua isiyopigwa chochote Rungwe au Njombe ni nadra mno. Uliza kama mtu anayemjali: "Mwaka huu kantangaze amewasumbua? Mnamtibu kwa nini? Mara ya mwisho mmepiga siku gani?" Watu wengi watakujibu kweli, na wengine watakuonyesha chupa. Soma kibandiko, hesabu siku. Zikiwa hazijatimia, mwambie utarudi Alhamisi, uache na namba yako. Wapo pia wakulima, na hili nalisema kwa masikitiko kwa sababu ni watu wangu, wenye kitalu cha kula nyumbani na shamba la kuuza. Ukipaona mahali ambapo familia inachuma mboga ya chungu chake kutoka shamba lilelile wanalokuuzia, pashike hapo.

Usidhani pia kwamba kienyeji na asili ni kitu kilekile na usafi. Mboga za majani zinazolimwa mabondeni kandokando ya miji, zikimwagiliwa kwa maji ya mto uliopita kwenye makazi, zinaweza kuwa hazina tone la dawa na zikawa na vimelea vya kuhara na homa ya matumbo. Chainizi na figiri za namna hiyo zioshe, zipike. Saladi ya kula mbichi nunua unapojua maji yanatoka wapi.

Tuje kwenye viazi.

Viazi vya milima ya Uporoto, kama hivyo vyako vya Isyonje, vinalimwa juu, baadhi ya mashamba yako zaidi ya mita 2,000, na Julai usiku ni baridi kweli. Kiazi kikikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 8 au 9 kwa siku kadhaa hubadilisha wanga wake kuwa sukari. Ukikiingiza kwenye mafuta ya moto, sukari ile inaungua kabla chipsi haijaiva ndani, inatoka nyeusi na ina uchungu kwa mbali. Viazi vilivyochimbwa kabla ya kukomaa vina tabia hiyohiyo. Utavijua kwa ganda linalochubuka ukilipitisha kidole gumba. Vya namna hiyo ni vitamu kuchemsha siku hiyohiyo, ila havitunziki wala havikaangiki vizuri. Wakulima wenye uzoefu hukata majani ya viazi wiki mbili hivi kabla ya kuchimba ili ganda lishike. Muulize kama amefanya hivyo.

Kijani ni jambo jingine, na hili ni la afya. Kiazi kikipigwa na mwanga, wa jua au hata wa taa, kinatengeneza rangi ya kijani, na pamoja nayo sumu iitwayo solanini. Rangi yenyewe haina neno. Ni ishara tu kwamba sumu nayo inatengenezwa palepale. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kama ni doa dogo, kata kwa kina pamoja na macho yaliyochipua. Kama ni kiazi chote, au ukikionja ni kichungu, tupa, na usiwape watoto hata kidogo, maana mwili mdogo unaathirika na kiasi kidogo. Wauzaji wengi wanaotandaza viazi kwenye visado barabarani kuanzia asubuhi hadi jioni wanaviharibu bila kujua. Omba upewe vya ndani ya gunia.

Na ukienda kwenye shamba la viazi, tafadhali usiingie tuta kwa tuta kabla mwenyewe hajakukaribisha. Nyanda hizi zina ugonjwa wa mnyauko wa bakteria unaoishi ardhini, na udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu unatosha kuuhamisha kutoka shamba la mtu mmoja hadi la mwingine. Ugonjwa ukiingia, shamba lake linaweza kushindwa kulimwa viazi kwa miaka. Kama siku hiyo unazunguka mashamba matatu, beba ndoo ya maji na brashi kwenye gari. Wakulima wakikuona unaosha viatu kabla ya kubisha hodi, wanakupokea kama mtu wa kwao. Kwa sababu hiyohiyo, usiwape ndugu viazi vya kula wavifanye mbegu.

Sasa fedha, maana ulisema unataka kupunguza matumizi. Hesabu hii inawashinda wengi kwa sababu wanalinganisha bei ya tenga na bei ya fungu, basi. Ukinunua kilo 40 na robo ikaoza, umelipia 40 umekula 30, kwa hiyo bei ya kila kilo imepanda kwa theluthi. Wewe ulimwaga karibu nusu, ina maana bei yako ilikaribia kuwa maradufu, kabla hatujaweka mafuta ya gari. Familia ya watu wanne haiwezi kula tenga la nyanya nyekundu. Hapo mume wako ana haki.

Halafu kuna vipimo. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka likaongezewa kilemba cha kamba juu, linaonekana kama ukarimu, lakini sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kumkamata anayefungasha zaidi. Anayeumia kwenye lumbesa ni mkulima, anayetoa kilo nyingi za bure. Na wewe mnunuzi mdogo huijui bei halisi, kwa sababu lumbesa la leo si la kesho. Debe nalo ni ujazo wa lita 20, si uzito: debe la viazi vikubwa lina mapengo mengi kuliko debe la viazi vidogo. Nunua kimizani kidogo cha kuning'iniza, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mashambani. Lipa kwa kilo. Mkulima naye atakushukuru. Mara nyingi ni madalali tu ambao hawapendi mizani.

Namna ya kufanya ilipe ni kugawana. Kina mama watano wa mtaa mmoja, gari moja, tenga moja la nyanya zinazoanza kupiga rangi, gunia moja la viazi. Kila mmoja anarudi na kilo nane za nyanya zitakazoiva kwa zamu wiki nzima. Nendeni alfajiri, mkabebe ndoo au kreti za plastiki zenye ukuta laini ili nyanya zihamishwe palepale shambani, zisirudi ndani ya tenga. Zifunikeni kwa kanga mbichi juu, isiwe turubai, turubai linapika.

Vitu vya kufuata mbali ni vile vinavyovumilia safari na kukaa. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, vikiwa vimekaushwa shingo yake ikasinyaa kabisa, vinakaa miezi kwenye chanja penye upepo. Vyenye shingo nene yenye unyevu vitaoza hata ukivibembeleza. Maharage makavu, mahindi makavu, mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vilivyokomaa, maboga, hivyo vyote vinakulipa nauli. Mahindi ya kusaga yaume kwa jino. Yakikatika kwa sauti kavu, vizuri, yakibonyea bado yana unyevu na yatafuga ukungu wenye sumu kuvu, ambayo kupika ugali hakuimalizi. Na mchele mpya unashikamana na unataka maji machache, kwa hiyo usimlaumu muuzaji ukipika ukawa bokoboko. Jaribu tena ukipunguza maji. Parachichi ni jema kuliko yote kwa mtu wa mbali, kwa kuwa haliivi likiwa mtini. Linaanza kulainika baada ya kuchumwa, kwa siku kadhaa, na ukilifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu litawahi. Aina ya Hass hugeuka rangi kuwa ya zambarau iliyokolea likiiva, aina ya Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo ulibonyeze shingoni kwa upole badala ya kuangalia rangi. Parachichi linalosinyaa na kuwa kama mpira lilichumwa changa na halitaiva kamwe.

Vitu vya kununua karibu na nyumbani, siku kwa siku, ni mboga za majani, nyanya zilizoiva, mahindi mabichi na maziwa. Hindi bichi, ambalo kwetu linaanza kupatikana kwa wingi kuanzia Februari, lina sukari inayogeuka wanga saa chache tu baada ya kuvunjwa. Lile lililovunjwa asubuhi likachomwa mchana na lile la juzi ni vitu viwili tofauti mdomoni, na huhitaji kwenda Mbozi kulipata. Pale Uyole yanashuka kila asubuhi msimu ukiwa umefika. Mimi hilo ndilo ninalolingoja mwaka mzima.

Maziwa ya moja kwa moja kutoka bandani, hata kama ng'ombe ni wa shemeji yako na anang'aa, yachemshe mpaka yapande. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havionekani kwa macho na vinapita kwenye maziwa mabichi. Uyoga wa porini wanaouza watoto barabarani kuelekea Mufindi na Njombe wakati wa mvua ni mtamu, siukatazi, lakini ununue kwa mwanamke mzima wa eneo hilo ambaye yeye mwenyewe anaula na anaujua kwa jina. Hayo majaribio ya kuchemsha na kitunguu au kijiko cha fedha kuona kama kitabadilika rangi hayana ukweli wowote.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Mtu akila au akigusa mazao kisha akaanza kutokwa mate na jasho jingi, mboni zikawa ndogo, akatapika, misuli ikarukaruka au pumzi ikawa nzito, hiyo ni dalili ya sumu ya baadhi ya viuatilifu. Mpelekeni hospitali mara moja, mkiwa na chupa au jina la dawa kama mnalijua, na msimnyweshe maziwa kwanza mkisubiri. Aliyekula uyoga na kuanza kutapika na kuhara baada ya saa 6 hadi 24 naye apelekwe hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu uyoga hatari zaidi hutulia kidogo kabla ya kuharibu ini. Ukikuta mkulima anatumia dawa isiyo na kibandiko, au iliyopimwa kwenye chupa ya maji, ongea na afisa ugani wa kata yake, au ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Lengo ni yeye asaidiwe, kwa kuwa anayeipumua kila wiki ni yeye na wanawe. Na kama unataka kujua ni mbegu ipi ya viazi inayofaa chipsi kwa baridi yetu, fika kituo cha utafiti cha TARI Uyole, kiko mlangoni kwako, ukaongee na watu wa viazi ana kwa ana.

Basi, nani yuko sahihi? Kwa nyanya za kula wiki hii, mume wako. Kwa viazi, vitunguu, maharage, mahindi na mchele, wewe. Na kwa habari ya dawa, wewe tena, mradi uulize.

Kwa sasa usinunue viazi vingine. Vimwage hivyo ulivyonavyo sakafuni, toa vya kijani na vyenye majeraha, vingine virudishe kwenye gunia la katani au boksi lenye matundu, uviweke ndani karibu na jiko, mahali penye giza na joto la kawaida la nyumba, si kwenye stoo ya nje yenye baridi. Sukari ile itapungua yenyewe. Baada ya wiki mbili kata kiazi kimoja, suuza vipande kwenye maji mpaka maji yawe maangavu bila utelezi, vikaushe kwa kitambaa, ukaange. Vikitoka vya njano, gunia limepona. Vikibaki vyeusi, ni mbegu yenyewe. Vichemshe na maharage mpaka viishe, na safari ijayo Isyonje uliza wanalima mbegu gani kabla hujafungua pochi.